Kunengua siyo kutikisa kiuno tu!

Jamaa kibao wanadhani wanenguaji wa bendi hupanda jukwaani na kujitikisa tu vile gitaa linavyowatuma. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliponipeleka mazoezini kwao Kinondoni.

Nilikaa kwenye benchi saa 3 nzima, na kazi iliyopatikana ilikuwa ya dakika moja tu!

Kwanza aliusikiliza wimbo bila kucheza, akihesabu kwa vidole moja hadi nane, kisha anaanza upya. Penye maneno akaweka hatua nyepesi ili mwimbaji asifunikwe. Sebene linapokolea, hapo ndipo akaweka vitu vizito.

Vitu hivyo alivichota kwenye sindimba ya Wamakonde. Kijijini ngoma huzungukwa na watu pande zote, lakini ukumbini watazamaji wako upande mmoja. Basi akawapanga wenzake wanne mshazari, asiwepo wa kumziba mwenziwe. Mmoja akichelewa nusu hesabu, wote wanarudia.

Kilichoniacha hoi ni pale alipowasimamisha kimya kwa hesabu nne. Nikamwuliza, "Mbona mmeganda?"

"Mdogo wangu, bila kutulia watu hawataona tulipocheza," akanijibu.

Baadaye alidai nauli yake, maneno yakawa mengi, akaachishwa. Jumamosi moja tukalipa kiingilio kama watu wengine, tukajibanza nyuma. Shoo ikapigwa ile ile, hadi zile hesabu nne za kimya. Ukumbi ukalipuka! Wakatajwa mpiga solo, mwimbaji, hata fundi mitambo. Dada yangu hakutajwa. Nilipochungulia chini ya meza, miguu yake ilikuwa inahesabu.

Wengi hatujui kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia kazi ya kubuni uchezaji, sawa na vitabu na muziki. Sindimba ni ya Wamakonde, hakuna anayeweza kujidai kaitunga. Lakini ule mpangilio, ule mshazari na ule ukimya, una mwenyewe.

Nanyi wazee mnaosema huu ni uhuni, nendeni mazoezini siku moja mkajionee jasho. Wenye bendi nao nawauliza: kumtaja mtu jina kunagharimu shilingi ngapi?