Mwili wa Mzee Wakati wa Baridi

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi khabari ya miili yetu wakati wa baridi, hasa miili ya wale ambao umri wao umekwenda. Watu wa Njombe na wa Limuru wajua vema miezi ya Juni na Julai ilivyo. Ukungu hautoki mpaka jua liwe juu, na mzee akisha kuketi karibu na moto asubuhi haondoki tena hapo. Wajukuu humletea uji pale pale alipo, humfunika blanketi, humwambia, "Pumzika, babu, leo baridi kali." Wafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini baridi ikiisha, babu ataka kwenda shambani kwake kama desturi, naye huona magoti hayamtii.

Watu husema baridi imemwingia, au uzee umemfika. Sisi twaona kwamba sehemu kubwa ya hasara ile haikutoka kwa baridi wala kwa uzee, ila kwa kukaa. Na kwa kuwa hasara iliyotokana na kukaa yaweza kurudishwa, yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Misuli ya mwanadamu huanza kupungua tangu umri wa miaka 30 hivi, kidogo kidogo, yapata sehemu 3 hata 8 katika 100 kwa kila miaka 10. Na baada ya miaka 60 hupungua upesi zaidi. Hayo ni ya uzee wenyewe, hapana awezaye kuyakimbia kabisa. Lakini tazameni na hili. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza khabari ya wazee wachache wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakunyimwa chakula. Walipopimwa mwisho wa siku zile, kwa wastani kila mmoja alikuwa amepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu yake. Kuketi karibu na moto si sawasawa na kulala kitandani, twakubali. Ila njia ni ile ile, na baridi ya milimani haidumu siku 10 bali miezi miwili au mitatu.

Kilo 1 ya nyama ya miguu ni kitu gani? Kwa kijana si kitu. Kwa mzee ndiyo tofauti ya kuinuka mwenyewe mkekani na kungoja mtu aje amshike mkono. Ni tofauti ya kuchuchumaa chooni peke yake, au kusindikizwa. Mtu aliyelea watoto kumi hataki kusindikizwa chooni na mjukuu, hata kama mjukuu ana adabu namna gani. Tena miguu dhaifu huanguka, na mzee akivunjika nyonga, mara nyingi hatembei tena kama alivyotembea kwanza.

Wako watakaouliza: mtu aliyekwisha dhoofika, aweza kupata nguvu tena? Swali hili lilijibiwa mwaka 1990 mjini Boston, katika nyumba ya kutunzia wazee. Walichaguliwa wazee 10 dhaifu, mdogo wao ana miaka 86 na mkubwa miaka 96. Wakapewa zoezi la kunyosha goti huku wakiinua uzito kwa mguu, mara 3 kwa juma, na uzito ukiongezwa kadiri walivyoweza. Mmoja hakumaliza. Wale 9 waliomaliza majuma 8, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa sehemu 174 katika 100, yaani zilizidi mara mbili na nusu ya zile walizoanza nazo. Tunawaomba wasikilizaji wafikiri umri wa watu wale. Lakini kisa chao kina na upande wa pili: walipoacha mazoezi, baada ya majuma 4 tu sehemu ya nguvu ile ilikuwa imekwenda zake. Mwili hauweki akiba kwa muda mrefu.

Basi shida si kujua zoezi, bali ni kulifanya kila siku, hata siku ile ambayo blanketi ni tamu kuliko kitu cho chote. Na hapa twataka kuwapeleka Japani, kwa sababu watu wa huko walilipatia jambo hili njia, na njia yenyewe ni redio.

Mnamo miaka ya 1920 maofisa wa bima ya maisha ya posta ya Japani walizuru Marekani, wakakuta kwamba kampuni moja ya bima ya huko ilikuwa ikitangaza mazoezi ya viungo kwa redio tangu mwaka 1925. Msishangae kuona bima inahangaikia viungo vya watu: mwenye bima akiishi miaka mingi huendelea kulipa ada, na akifa upesi kampuni ndiyo hulipa. Maofisa wale wakarudi na shauri hilo, na tarehe 1 Novemba 1928 sauti ya mwalimu wa mazoezi ilisikika kwa mara ya kwanza katika redio ya Japani. Mwaka 1930 askari polisi mmoja wa mtaa wa Kanda, mjini Tokyo, akaanza kuwakusanya watoto asubuhi wafanye mazoezi pamoja, na desturi ya kukusanyika ikaenea nchi nzima. Miaka ya vita serikali iliyatumia mazoezi yale kuwafundisha watu utii, na baada ya vita yakakatizwa. Mwaka 1951 yakarudi kwa mpango mpya, na mpango ule ndio unaofuatwa mpaka leo.

Kila siku, Jumapili pia, saa 12 na nusu asubuhi, redio hupiga piano na mwalimu huhesabu. Kipindi kizima ni dakika 10. Zoezi la kwanza lina mienendo 13 nalo halichukui zaidi ya dakika 3 na nusu: kuinua mikono na kujinyosha, kuzungusha mikono, kuinama kando, kuinama mbele na nyuma, kujipinda kiuno, kuruka kidogo, na mwisho kuvuta pumzi. Hapana chombo kinachotakiwa, wala nguo maalum. Mwezi wa Januari, saa ile mjini Tokyo jua halijachomoza bado, na baridi ni ya kuuma masikio. Walakini ukipita katika bustani za mji utawakuta wazee wamesimama kwa safu, wamevaa makoti na glavu, redio ndogo iko juu ya benchi. Asiyeonekana siku mbili, wenziwe hupita kumwulizia. Sisi twadhani jambo hili la kuuliziwa lina nguvu kuliko mienendo yote 13.

Dakika 10 hazitoshi kwa yote. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema mtu mzima apate japo dakika 150 kwa juma za kazi ya mwili ya wastani, kama kutembea kwa haraka kiasi. Na waliotimiza miaka 65 waongeze, siku 3 au zaidi kwa juma, mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Mzee anayelima, anayeteka maji na kupanda vilima huenda amezipita dakika hizo bila kuhesabu. Ni ile miezi ya kuota moto inayomharibia hesabu.

Wala hatusemi kwamba baridi haina hatia. Baridi hukaza mishipa ya damu, shinikizo la damu hupanda, na moyo hufanya kazi zaidi. Mwili wa mzee hautetemeki upesi kama wa kijana, kwa hiyo huweza kupoa bila mwenyewe kutambua. Na kiu yake ni hafifu, hata husahau kunywa. Ndiyo maana haifai kutoka kitandani na kuingia moja kwa moja katika baridi ya alfajiri. Kwanza atembee ndani ya nyumba dakika chache, azungushe mabega na vifundo vya miguu, anywe maji ya moto au chai, kisha avae nguo mbili tatu nyepesi juu kwa juu, maana hushika joto kuliko koti moja zito, na afunike kichwa. Akisikia maumivu ya kifua, au pumzi kumkatika, au kizunguzungu, aache mara moja na apelekwe kwa daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kuanza. Na jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake huua watu usingizini.

Chakula nacho kisisahauliwe. Misuli haijengwi kwa uji mtupu, hata ukiwa wa moto namna gani: yatakiwa maharagwe, dagaa, mayai, maziwa, cho chote cha namna hiyo kinachopatikana nyumbani.

Kwa yule anayetaka kuanza kesho, twamchagulia mambo matatu tu. Ashike ukuta au mgongo wa kiti na kuinuka juu ya vidole vya miguu, kisha ashuke polepole, mara 10. Asimame kwa mguu mmoja kando ya ukuta, mkono ukiwa tayari kushika, akihesabu 10, kisha abadili mguu. La tatu, lililo kubwa kuliko yote, aketi kitini na kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, bila kuzuia pumzi, mara 5, na baada ya siku kadhaa mara 10. Kiti kiegemezwe ukutani kisije kikateleza.

Na ambaye hawezi kuinuka hata mara moja asikate tamaa. Hata Japani walitunga mazoezi mengine mwaka 1999 kwa ajili ya wazee na wasiojiweza, ambayo huweza kufanywa mtu ameketi. Huyu na akunje blanketi mbili au tatu aziweke juu ya kiti ili kiwe kirefu, mtu asimame karibu naye, ajaribu kuinuka kutoka hapo. Akiisha kuweza mara 10 bila taabu, na aondoe blanketi moja, aendelee juma moja au mawili, kisha aondoe ya pili.