Kodi ya Mshahara na Wazee Wetu



Nyumbani kwetu ni Ryansoro, katika Gitega. Baba ni mzee sana, na mama haoni. Mimi nafanya kazi Bujumbura, na kila mwisho wa mwezi hupeleka fedha za chakula chao na dawa. Siku moja mdogo wangu, ambaye yungali shuleni, aliitazama karatasi yangu ya mshahara akauliza, "Kaka, wakikata kodi, wanajua habari za mama?" Siku ile sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta.

Sheria ya Burundi ya mwaka 2013 iliweka hesabu hivi: faranga 150,000 za kwanza za mwezi zisikatwe kitu, kutoka hapo mpaka 300,000 zikatwe 20 kwa mia, zinazozidi zikatwe 30 kwa mia. Basi mwenye 400,000 alitoa 30,000 na tena 30,000, jumla 60,000. Mwenye wazazi wa kutunza na asiye na mtu walitoa sawasawa. Lakini sheria ya jamaa ya mwaka 1993 ilimtaka mtoto amsaidie mzazi mwenye shida!

Kwa jirani zetu wa Kongo, sheria ya mwaka 1969 ilipunguza kodi 2 kwa mia kwa kila mtu wa jamaa anayemtegemea mlipaji, wasizidi 9, na wazazi wa mume na wa mke walihesabiwa. Mtu wa mshahara wa kadiri, kodi yake ikiwa 100,000, kwa wazazi wawili alitoa 96,000. Lakini palikuwa na sharti: wazazi wawe wa nyumba yake. Mzee aliyebaki kijijini hakuhesabiwa.

Kenya, kwa amri ya mwaka 2010, ilisamehe kodi ya shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Lakini aliyesamehewa ni mlemavu mwenyewe mwenye kazi, si mtoto anayemtunza. Marekani, mtu asiye na mume wala mke, akilipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba ya mzazi anayemtegemea, hupata nafuu hata kama mzazi anakaa mbali. Sheria ya namna hiyo ingenifaa mimi.

Je, ingemfaa dada yangu? Yeye ndiye aliyebaki nyumbani, analima, anateka maji, anamwogesha mama. Hana mshahara, hakatwi kodi ya mshahara. Basi hana cha kupunguziwa. Punguzo la kodi humsaidia anayetuma fedha, halimfikii anayeshika mkono wa mgonjwa. Yeye angehitaji msaada wa fedha taslimu.

Hilo ndilo jibu nililompa mdogo wangu. Tangu hapo, nikipata nyongeza kidogo, humwekea dada fungu lake mwenyewe, mbali na la wazazi. Nanyi mtakapopokea karatasi yenu ya kwanza ya mshahara, isomeni mpaka chini, kisha mwulizeni aliyebaki nyumbani amepata nini.