KUVIKINGA VYOMBO VYA UMEME MAOFISINI NA MAJUMBANI

Wakaazi wengi wa Unguja hawajalisahau giza la Mei na Juni mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009, pale ulipoharibika waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, uliongezwa mwaka 2013, na Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Giza lilionekana na kila mtu. Yasiyoonekana ni madhara yanayotokea umeme unapokatika na kurejea, ambayo humfikia mtu mmoja mmoja nyumbani kwake: televisheni isiyowaka tena, kompyuta ya ofisi iliyokufa pamoja na kumbukumbu zote zilizomo, au jokofu la chanjo la kituo cha afya.

Madhara hayo ni ya aina mbili, na mara nyingi huchanganywa. Aina ya kwanza ni mkondo uliozidi, yaani umeme mwingi kupita katika waya kuliko kiasi ambacho waya huo unaweza kuchukua. Joto la waya haliongezeki sawasawa na mkondo. Mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Kwa sababu hiyo soketi moja iliyobebeshwa pasi, birika na jiko kwa pamoja huweza kuyeyusha mpira wa waya ndani ya ukuta bila ya dalili yoyote kwa nje. Katika nyumba za Mji Mkongwe, ambazo dari zake ni za boriti na mbao kavu za miaka mingi, hatari hiyo haihitaji maelezo marefu.

Kinga ya mkondo uliozidi ni fyuzi au swichi inayojikatia yenyewe. Fyuzi ni kipande chembamba cha waya kilichowekwa makusudi kiungue kabla ya vingine. Plagi ya pini tatu inayotumika hapa nchini huwa na fyuzi ndani yake: ya ampea 3 inatosha kwa redio, taa ya mezani au kompyuta, na ya ampea 13 ni kwa pasi, birika na vyombo vingine vya moto. Kuweka ya 13 katika plagi ya redio ni sawa na kuiacha redio bila ya mlinzi. Kibaya zaidi ni ile desturi ya kuziba nafasi ya fyuzi kwa msumari, uzi wa shaba au karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Chombo kitawaka, naam, lakini kitu kitakachoungua safari ijayo hakitakuwa fyuzi tena.

Aina ya pili ni kupanda ghafla kwa volti. Umeme wa majumbani ni wa volti 230. Radi inapopiga karibu na nguzo, au mitambo mikubwa inapozimwa na kuwashwa, volti hizo huweza kufika maelfu kwa muda wa sehemu ya milioni ya sekunde. Vijenzi vidogo vilivyomo katika kompyuta hufanya kazi kwa volti 5 au chini ya hapo, hivyo havistahimili mshindo huo. Fyuzi haisaidii kitu hapa, kwani madhara hutimia kabla haijapata hata kupata joto.

Kinachofaa ni kinga iliyo na varista, kijenzi kilichotengenezwa kwa oksidi ya zinki. Kwa volti za kawaida varista huuzuia umeme. Volti zikipanda hufungua njia na kuumeza mshindo au kuuelekeza ardhini. Nguo za soketi nyingi zinauzwa madukani kwa jina la kinga, na si zote zenye kijenzi hicho. Hata iliyo nacho huchakaa kila inapopokea mshindo, na taa yake ya kuonesha kuwa kinga ipo ikizimika, ibadilishwe. Radi inapokaribia, kuchomoa plagi, pamoja na waya wa antena na wa simu, bado ni kinga bora kuliko zote, na haina gharama.

Lipo tukio jengine ambalo wengi hulidhania kuwa ni radi. Waya wa nyutro unapokatika nguzoni au katika njia ya nyumba, nyumba zinazotegemea fezi tofauti hubaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na volti katika baadhi ya soketi huweza kukaribia 400. Hali hii haipiti kwa sekunde moja. Hudumu, na varista huungua ikijaribu kuizuia. Dalili yake ni taa za upande mmoja kung'ara kupita kiasi huku za upande mwengine zikififia. Mwenye kuona hivyo na azime swichi kuu mara moja, kisha alijulishe Shirika la Umeme; asipande nguzo wala asimwite kijana wa mtaani apande.

Kwa majokofu na viyoyozi, volti ndogo nazo zina madhara. Mota isiyopata nguvu ya kuzunguka huvuta mkondo mkubwa na kuungua. Umeme ukirejea, chombo kisiwashwe hadi zipite dakika tano, ili volti zitulie na gesi ndani ya kompresa ipungue msukumo. Vipo vifaa vinavyochelewesha kuwaka kwa chombo vyenyewe, na jokofu la chanjo lisikose kimoja.

Mwisho ni waya wa ardhini. Kinga nyingi zilizotajwa huutegemea, na anayechomeka kijiti katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie huwa ameukosa waya huo pamoja na fyuzi ya plagi. Katika maeneo ya matumbawe, kama mashariki na kusini mwa Unguja, ardhi ni kavu na haipitishi umeme vizuri, hivyo fimbo moja fupi huenda isitoshe. Hewa ya chumvi nayo hula viungio vya shaba. Fundi aliyesajiliwa apime ukinzani wa ardhi kwa chombo cha kupimia, hasa wakati wa kiangazi, na si baada ya mvua ambapo kila fimbo huonekana nzuri.