Umoja wa Chama na Mkate wa Wananchi: Funzo la NCCR-Mageuzi

Chama cha siasa hukusanya watu ambao maslahi yao ya kila siku hayafanani, na kwa sababu hiyo umoja wake hudumu pale wanachama wanapokubaliana mapema nani atabeba mzigo wa uchumi na nani atanufaika. Historia ya NCCR-Mageuzi, chama kilichoitikisa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, inalithibitisha jambo hilo.

NCCR kilianza mwaka 1991 kama kamati ya kudai mabadiliko ya katiba, kikiwa na wanasheria na wasomi kama Mabere Marando, kabla ya kusajiliwa kuwa chama. Mwaka 1995 kilimpokea Augustino Mrema, aliyewahi kuwa Naibu Waziri Mkuu, ambaye alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais mwaka huo, na Oktoba 1996 akashinda uchaguzi mdogo wa ubunge wa Temeke. Kilichowafunga pamoja wasomi na umati uliomfuata Mrema ni hamu ya kuing'oa CCM, chama tawala, na chuki dhidi ya rushwa. Msimamo wa pamoja kuhusu uchumi haukuwapo.

Ilhali uchumi ndio uliokuwa ukiwagusa wapiga kura. Serikali ilikuwa katika ubinafsishaji, yaani kuyahamishia mashirika ya umma mikononi mwa wawekezaji, na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 huko Ubungo, wakati huo sehemu ya Kinondoni, kiligeuzwa kuwa kampuni ya ubia na Wachina. Mfumaji wa Urafiki alitaka nguo za nje zitozwe ushuru mkubwa ili khanga na vitenge vyake vipate soko, lakini mchuuzi wa mitumba wa Tandika, Temeke, aliishi kwa marobota yaleyale ambayo mfumaji aliyaona kuwa yanamnyang'anya ajira. Hata hivyo wote wawili walisumbuliwa na kodi ya maendeleo, iliyotozwa watu wazima bila kujali sana kipato chao, na ambayo ilifutwa mwaka 2003.

Chama chenye wafuasi wa aina zote mbili kingeweza kuanza na kero hiyo inayowahusu wote, kisha kikawakutanisha wajadili ushuru wa nguo hadi wapate kiwango ambacho kila upande ungekivumilia. Badala yake, mgogoro wa Mrema, aliyekuwa mwenyekiti, na Marando, aliyekuwa katibu mkuu, ulihusu mamlaka ndani ya chama. Kikao cha chama hicho huko Tanga mwaka 1997 kiliishia katika vurugu, na mwaka 1999 Mrema akahamia chama kingine, TLP. NCCR, kilichoshinda majimbo 16 mwaka 1995, kiliambulia jimbo 1 mwaka 2000.

TANU, chama kilichotawala kabla ya CCM, ilikuwa imepita njia tofauti. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja nani amiliki njia kuu za uchumi, na likaweka miiko ya uongozi, yaani masharti yaliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili. Azimio halikumridhisha kila mtu, kwani Oscar Kambona, katibu mkuu wa TANU, alijiuzulu na kuondoka nchini mwaka huohuo, na sera zenyewe baadaye zilileta matatizo makubwa. Lakini chama hakikusambaratika, kwa kuwa ubishi ulihusu msimamo uliofahamika na ambao gharama yake iliwagusa pia viongozi.

Kwa hiyo chama kinachotaka kuponya mpasuko hakitoshelezwi na kupeana mikono mbele ya waandishi wa habari. Kinapaswa kuandika msimamo wake kuhusu kodi, ajira na biashara ndogondogo, na kueleza viongozi wake watajinyima nini. Mpiga kura wa Mbagala au Manzese naye asiridhike na jina la mgombea pekee: auulize msimamo huo kabla ya kutoa kura yake.