Kila Mtu na Kazi Yake: Gari la Zamani kwenye Njia ya Mombasa

Paukwa! Pakawa!

Kaeni vizuri wanangu, na mwenye simu aiweke kando kwa muda. Leo sina kisa cha sungura wala cha fisi. Nina kisa cha barabara, ile itokayo Nairobi kwenda Mombasa, na cha magari yaliyopita humo kabla hamjazaliwa. Labda mmewahi kuona wazee wenu wakikutana harusini au matangani: haupiti muda, mmoja analitaja gari fulani la zamani, na hapo hapo kila mtu ana lake la kusema. Gari lenyewe limeshauzwa kama vyuma chakavu miaka mingi iliyopita. Masimulizi yake bado yanatembea. Leo nitawaeleza kwa nini.

Tuanze na njia yenyewe. Kabla ya gari kulikuwa na misafara ya watu kwa miguu, kutoka pwani kwenda bara, mizigo vichwani, kituo baada ya kituo kwa kufuata maji. Mkipita leo baina ya Voi na Mariakani mtakuta mji mdogo uitwao Mackinnon Road. Jina hilo limebaki tangu miaka ya 1890, wakati William Mackinnon, mkuu wa Kampuni ya Imperial British East Africa, alipogharimia njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani kuelekea Uganda. Mikokoteni haikudumu, kwa sababu reli ilikuja nyuma yake. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Garimoshi la mvuke lilikuwa na kiu kuliko ng'ombe, basi penye maji pakawekwa stesheni, na penye stesheni pakaota duka, hoteli ya chai na nyumba za watu. Ndivyo ilivyokua miji kama Voi, Makindu na Sultan Hamud. Magari yalipokuja, barabara ikaandamana na reli. Dereva naye alitaka maji, chakula na mtu wa kumsaidia akiharibikiwa.

Babu yangu aliijua barabara hiyo wakati sehemu yake kubwa ilikuwa vumbi. Alikuwa na Peugeot 404, gari lililoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Alitusimulia jinsi barabara ya vumbi inavyojikunja ikipitwa na magurudumu mengi: gurudumu linaruka kidogo, linatua, linachimba, linaruka tena, mpaka njia nzima inafanana na bati la paa. Ukienda polepole juu ya mikunjo hiyo, meno yanagongana na nati zinalegea. Ukiongeza mwendo, gurudumu linapita juu ya migongo tu na gari linatulia, lakini breki na usukani navyo havishiki sawasawa. Dereva alipaswa kuchagua baina ya kutikiswa na kuteleza. Babu alichagua kutikiswa, akaishi hadi akazeeka.

Mimi nilikulia katika gari la baba, Peugeot 504. Hili lilitoka mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Huku kwetu halikupendwa kwa tuzo. Lilipendwa kwa sababu lilikuwa juu kidogo ya ardhi, springi zake zilikuwa ndefu na laini, na fundi yeyote wa mtaani aliweza kulifungua akalifunga tena. Letu lilikuwa lile refu lenye viti vya safu tatu, ambalo nyuma lina springi mbili kila upande ili libebe mzigo bila kukaa chini. Magari ya aina hiyo ndiyo yaliyokuja kuwa matatu za masafa marefu, na watu wakawa wanasema tu, "Nimepanda Peugeot." Baadaye 504 iliunganishwa hapa hapa Kenya, na iliendelea kuunganishwa hata baada ya Wafaransa wenyewe kuiacha.

Sasa sikilizeni kazi ilivyogawanywa. Tulikuwa tukienda Mombasa kwa Bibi kila likizo ya Desemba, na tuliondoka alfajiri ili tulitangulie jua. Asubuhi ya baridi gari halikuwaka kwa kugeuza ufunguo tu. Lilikuwa na kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, basi dereva huvuta choki: kifaa hicho kinapunguza hewa ili petroli izidi. Ukiivuta kupita kiasi, plagi zinalowa na gari linakataa kabisa. Baba alivuta, akasikiliza, akarudisha kidogo, akasikiliza tena. Hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza dakika hiyo. Hiyo ilikuwa kazi yetu ya kwanza sote: kunyamaza ili baba asikie.

Kaka yangu mkubwa alikaa mbele katikati na kuchunga mshale wa joto. Mama alikuwa na kapu la mahamri, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, na yeye ndiye aliyeamua pa kusimama. Dada yangu alitaja miji kwa mpangilio, na akikosea tulimrudisha mwanzo. Mimi, niliyekuwa mdogo, nilipewa jerikeni ya maji. Nilikaa nayo safu ya nyuma, miguu yangu ikiizuia isianguke, na nilijiona mtu mkubwa.

Karibu na Sultan Hamud na Emali, asubuhi isiyo na mawingu, tulitazama mkono wa kulia. Kilimanjaro ulikuwa pale, theluji juu, mguu wake umefichwa na ukungu. Aliyeuona kwanza alipewa yai la kwanza. Kisha Makindu, penye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, enzi ambazo Makindu palikuwa pa shughuli nyingi za reli. Hapo msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chakula bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini, unaletewa chapati, dengu na chai. Mama alitufundisha kwamba hapo hatuchagui chakula wala hatubakishi. Nilijifunza ukarimu hekaluni Makindu kabla sijaujua kwa maneno.

Baada ya Kibwezi mibuyu ilianza, na joto likaanza kupanda. Mtito Andei ni katikati ya njia; hapo madereva walimwaga chai moto kooni, wakakagua mafuta na matairi. Kisha tukaingia Tsavo, mbuga iliyotengwa mwaka 1948, ambayo barabara na reli vinaigawa mashariki na magharibi. Hapo tulitafuta ndovu wekundu. Ndovu wa Tsavo hawakuzaliwa wekundu. Hujirushia udongo mwekundu wa huko na kugaagaa kwenye matope yake. Tulipovuka mto wa Tsavo, kaka alitusimulia, kila safari, habari za simba wawili waliowaua wajenzi wa daraja la reli mwaka 1898. Kisa hicho ni cha kweli. Simba hao waliuawa Desemba ya mwaka huo huo, na leo wamewekwa katika makumbusho ya Field, Chicago. Kaka hakujua habari za Chicago. Alichojua ni kuongeza sauti tulipofika darajani.

Mackinnon Road tulisimama tena. Kando ya reli pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, mcha Mungu ambaye inasimuliwa kwamba alifanya kazi kwenye reli, na kwamba karai lake la udongo lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wengi hawapiti hapo bila kusimama kuomba salama. Baba alitoa sadaka yake, akanawa uso, tukaendelea kuteremka hadi Mariakani, Mazeras, kisha hewa yenye chumvi, kisha tuta la Makupa, na Bibi mlangoni.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mtihani. Bibi hakukubali turudi mikono mitupu: nazi, maembe, ng'onda, achari, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Gari lililojaa hivyo lilipaswa kupanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Mlima wa kwanza, kuelekea Mazeras, ulikuwa mkali kuliko yote. Siku moja, nyuma ya lori lililojikokota, kaka alisema, "Baba, mshale umefika kwenye nyekundu."

Nisimame hapo niwaeleze. Injini huchoma petroli, na sehemu kubwa ya moto huo haigeuki mwendo. Inabaki joto tupu. Maji huzunguka ndani ya injini, yanalibeba joto hilo hadi kwenye rejeta, na upepo wa mbele pamoja na feni huyapoza. Mkipanda mlima na mzigo, joto linazidi. Mkiwa nyuma ya lori mnakwenda polepole, upepo unapungua. Vyote viwili vikikutana, maji yanachemka.

Baba alisogea kando, akazima injini, akafungua boneti. Mvuke ulipiga mluzi. Nilikuja mbio na jerikeni yangu, nikanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta, na baba akaudaka hewani. "Mwanangu, hicho hakifunguliwi kikiwa hivyo." Alinieleza hapo hapo, jasho likimtoka. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo huchelewa kuchemka. Yanaweza kupita nyuzi 100 bado yakiwa maji. Ukiondoa kifuniko, shinikizo linatoka ghafla, na maji yanafoka pamoja na mvuke usoni pako. Tukangoja. Mama alitandika kanga chini ya mkorosho, tukala maembe ya Bibi kabla hayajafika Nairobi. Dereva wa lori lile naye alisimama mbele, akarudi kwa miguu kutuuliza kama tuna maji. Rejeta ilipopoa, baba alikunja kitambaa, akafungua kifuniko kidogo kidogo, akaiwasha injini, na ndipo aliponiambia nimimine. Nimimine taratibu, alisema, kwa sababu maji baridi yakikutana ghafla na chuma cha moto, chuma kinaweza kupasuka. Nilimimina hadi mkono ukatetemeka. Watu wazima wawili walikuwa wamesimama wakitazama mkono wangu, na gari zima lilikuwa linaungojea.

Magari ya Peugeot yalikuwa na sifa nyingine ambayo ilitufanya tutembee kifua mbele: yalikuwa mashujaa wa Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawa yanafanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimeanza na njia ni tope. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa 404 pia. Na yuko Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo ambayo tayari ilikuwa imeshatumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watoto wa vijijini walisimama kando ya njia kuwatazama, wakarudi nyumbani kutengeneza magari ya waya. Gari lililoshinda huko ndilo lililokuwa limeegeshwa uani kwetu, au ndivyo tulivyoamini, na imani hiyo ilitutosha.

Leo mnapanda gari lenye kompyuta, linalowaka kwa kubonyeza. Au mnapanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na saa chache tu baadaye mko Mombasa. Ni jambo jema. Magari ya sasa ni salama zaidi, yana mikanda kwa kila mtu, na hakuna mtoto anayepaswa kukaa mbele katikati kama alivyokaa kaka yangu. Sitaki mrudi kwenye hatari zile. Ninachotaka mkione ni hiki: gari la zamani lilimhitaji kila aliyekuwemo. Jicho la kaka, sikio la baba, kapu la mama, ulimi wa dada, jerikeni yangu. Kilichotufanya tukumbuke si uzuri wa gari. Mtu hukumbuka pale alipohitajiwa. Aliyebebwa tu kama mzigo hana la kusimulia zaidi ya kwamba alifika.

Basi nawapa kazi. Safari ijayo ya familia, ombeni majukumu kabla ya kuondoka. Mmoja ataje miji kwa mpangilio na aseme kila mji ulianzaje. Mmoja ajifunze kukagua maji, oili na upepo wa matairi, pamoja na mtu mzima. Mmoja asimamie chakula na kuhakikisha mgeni atakayekutwa njiani naye ana fungu. Na mmoja akae karibu na mzee kuliko wote garini, amwulize: gari lako la kwanza lilikuwa lipi, lilikuharibikia wapi, na nani alisimama kukusaidia? Aandike majibu kwa kalamu, pamoja na jina la mahali. Wazee wanaoijua barabara ya vumbi wanapungua, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.