Kilio cha Mtoto, Mlezi na Hofu ya Kudekeza

Mfungamano wa mtoto na mlezi wake ulianza kupimwa kwa macho, nyumba kwa nyumba, nchini Uganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 akitokea London, ambako alifanya kazi na daktari John Bowlby. Katika vijiji vya jirani alifuatilia familia 26 za Baganda zenye watoto 28 waliokuwa bado wananyonya. Kila nyumba ilitembelewa kila baada ya wiki mbili, kwa saa mbili hivi, kwa muda uliofikia miezi tisa.

Alikusudia kuchunguza kuachishwa ziwa, hasa desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake ili asahau kunyonya. Familia nyingi hazikuifuata, na uchunguzi ukageukia jambo jingine: mtoto anayetambaa hutoka kwa mama, hugeuka kumtazama, hurudi kumgusa, kisha huondoka tena kwenda mbali zaidi. Watoto 16 walionyesha mfungamano imara, 7 walikuwa na wasiwasi na kulia sana hata mama akiwapo, na 5 hawakuwa bado na mfungamano wowote unaoonekana. Walio imara walikuwa, kwa kawaida, watoto wa akina mama walioweza kueleza kwa undani mtoto anapenda nini na hulia kwa sababu gani. Idadi ya wasaidizi wa malezi haikuleta tofauti. Kuwapo kwa bibi, shangazi na dada wakubwa hakukudhoofisha mfungamano wa mtoto na mama.

Kazi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1967, lakini tayari Ainsworth alikuwa amehamia Baltimore, Marekani, akaanza na familia nyingine 26. Huko akakwama. Watoto wa Uganda walilia mama alipotoka tu chumbani. Wa Baltimore, waliozoea kumwona mama akiingia na kutoka, hawakujali. Akatunga kipimo cha takriban dakika 20, chenye vipindi vinane: chumba kigeni chenye vichezeo, mtu asiyefahamika, mama anatoka, anarudi, anatoka tena, anarudi.

Wengi hudhani kinachopimwa ni kilio cha kuachwa. Sivyo. Kinachopimwa zaidi ni dakika ya kurudi. Mtoto mwenye mfungamano imara huenda akalia sana au kidogo, lakini mama akirudi humkimbilia, hutulia mikononi, na muda si mrefu yuko kwenye vichezeo. Mwingine hutaka kubebwa na papo hapo husukuma na kupiga mateke, hatulii. Wa tatu hamtazami mama kabisa, huendelea kuchezea gari lake kana kwamba hakuna aliyeingia. Huyu ndiye anayesifiwa na majirani kuwa “mpole, hana usumbufu”. Mwaka 1977 Alan Sroufe na Everett Waters walieleza mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo: yalikuwa juu, ingawa uso ulionyesha utulivu. Amejifunza kutoonyesha shida, si kutokuwa nayo.

Mwaka 1988 watafiti wa Uholanzi walikusanya matokeo ya watoto karibu 2,000 kutoka nchi nane. Karibu theluthi mbili walikuwa kwenye kundi imara. Uchambuzi wa mwaka 1997 ulithibitisha kwamba usikivu wa mama unahusiana na mfungamano huo, ila kwa kiasi. Tabia ya mama siyo sababu pekee. Dai la Ainsworth la mwaka 1972, kwamba mtoto anayeitikiwa haraka hulia kidogo anapofikisha mwaka, halikupata uthibitisho kama huo: uchunguzi wa Uholanzi wa 1991 haukuliunga mkono.

Hata hivyo, hakuna lolote humo linalosaidia usemi kwamba mtoto wa miezi minne “atadeka” akibebwa. Kudeka kwa hila kunahitaji mipango ambayo ubongo wa umri huo hauna. Kwamba kilio hupanua mapafu nako ni uzushi. Mapafu hujaa hewa kwa pumzi za mwanzo baada ya kuzaliwa, na kulia zaidi hakuongezi kitu. Wabaya zaidi ni wanaokifanya kilio kuwa biashara: wanaokata kimeo, na wanaochimbua ufizi wa mtoto mwenye homa au kuharisha wakidai wanatoa “meno ya plastiki”. Wanachokitoa ni vichipukizi vya meno halisi, mara nyingi kwa kifaa kichafu, na mtoto huondoka na kidonda juu ya ugonjwa uleule.

Mlezi aitikie kilio mapema, aongee na mtoto anapomnyonyesha au kumwogesha, na asibadilishe dada wa kazi kila mwezi kama inaepukika. Anayechelewa mara moja moja kwa sababu ya uchovu hajaharibu kitu. Vipimo hivi vinahusu mazoea ya miezi. Mtoto anayelia mfululizo akikataa ziwa, mwenye homa, degedege au kulegea, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.