Kongosho na mafigo: nani anayefukuza takataka za damu?



Siku ya Pasaka mtu wa Butembo anakula nyama ya mbuzi. Wa Beni pengine samaki iliyotoka Kyavinyonge. Na siku za kazi wote wawili wanakula maharagi. Vyakula hivi vinajenga mwili, lakini vinaacha takataka. Mwili unapovivunja hutokea amonia, nayo ni sumu kwa ubongo. Ini linaigeuza kuwa urea, isiyo kali, na mafigo yanaitoa katika mukojo.

Lakini nani anayewapa habari kwamba kazi imeongezeka? Ni kongosho, kiungo kidogo kilicholala nyuma ya tumbo. Wengi wanajua mtoto wake mkubwa, insulini, iliyopatikana Toronto mwaka 1921. Mwenzake, glukagoni, alipewa jina mwaka 1923, akasahauliwa kama mdogo wa nyumba. Basi mtu akisha kula nyama, glukagoni inaongezeka katika damu. Inaharakisha ini litengeneze urea, na mafigo, ambayo kwa kawaida huchuja litri karibu 180 kwa siku, yanachuja zaidi. Jambo la ajabu: glukagoni kidogo ikitiwa katika mshipa wa figo peke yake, figo halishituki. Sharti ipite kwanza katika ini. Yaonekana ini ndilo linalotuma ujumbe mbele.

Sasa mgonjwa wa sukari. Insulini yake imepunguka, nayo ndiyo inayokanya glukagoni. Ini linamwaga sukari mchana na usiku, na mafigo mwanzoni yanachuja kupita kiasi. Wanganga wanaihesabu glukagoni kati ya sababu. Yakikimbia hivyo miaka mingi yanachakaa, na urea inabaki katika damu.

Katekista anayezunguka vijiji hukutana na mtu huyu: anakonda, ana kiu, anakojoa usiku kucha, na jamaa wanatafuta nani aliyemlisha sumu. Ugomvi wa ukoo huanza hapo. Apelekwe lopitali kwanza, wapime sukari ya damu na mukojo wake.

Na kama tayari anadungwa insulini, asiache sindano kwa ajili ya Kwaresima, wala asifunge bila kumwuliza munganga: sindano ileile bila chakula yaweza kumshusha sukari hata azimie. Sheria ya Kanisa haimlazimishi mgonjwa kufunga. Padri amwambie hivyo kabla ya Jumatano ya Majivu, maana wazee wetu hawapendi kuuliza.